Daktari, Naomba Kuelewa: Mafunzo Saba ya Familia Yenye Kisukari

Katika familia yetu ya Tanga kisukari kilianza kwa bibi mzaa mama. Akafuata mjomba, akafuata mama, na upande wa baba kikampata shangazi. Mwisho kikamshika mtoto wa mdogo wangu akiwa bado darasa la pili. Mimi ndiye mkubwa kwa mama yangu, na waliosema ukubwa jaa hawakukosea: kadi za kliniki, majibu ya maabara, foleni za duka la dawa na barua za rufaa, vyote viliishia mikononi mwangu.

Katika miaka hiyo nimekutana na madaktari waliookoa maisha ya watu wangu, na hadi leo nawaombea dua. Nimekutana pia na maamuzi ambayo, kama tungeyaitikia "sawa, daktari" na kuondoka, baadhi yao tungekuwa tumeshawasomea hitma. Ninaloandika hapa ni jambo moja ninaloliamini kwa dhati: kumuuliza daktari ni sehemu ya matibabu. Daktari anaujua ugonjwa, familia inamjua mgonjwa. Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache kila baada ya miezi, sisi tunalala naye nyumba moja. Elimu yake na habari zetu zisipokutana, mgonjwa ndiye anayeumia.

1. Ulizia kipimo kabla ya kupokea dawa

Mtoto wa mdogo wangu alianza na kiu. Usiku anaamka, anakwenda kwenye ndoo ya maji, anakunywa, muda si mrefu anarudi tena. Akaanza kukojoa kitandani ilhali aliacha zamani. Sketi ya shule ikawa inamvuka, mama yake akaibana kwa pini. Zahanati walimpima malaria, kipimo hakikuonyesha kitu, lakini akaandikiwa dawa mseto kwa tahadhari. Waliporudi wakaambiwa ni UTI na taifodi. Hatimaye akawa anatapika na kuhema kwa nguvu, na mtaalamu kijana aliyekuwa zamu akasema ni homa ya mapafu, aanze sindano.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, kichwa cha mjukuu wake mapajani. Aliinama, akanusa pumzi yake, ikawa na harufu ya matunda yaliyoiva mno. Akamwambia yule kijana kwa upole, "Mwanangu, sukari mmempima?" Haikuwa imepimwa. Mama akafungua mkoba, akatoa mashine yake, akamtoboa mtoto kidole. Kioo hakikuleta namba. Kiliandika HI, maana yake sukari imepita uwezo wa mashine kusoma, na kwa mashine nyingi hiyo ni zaidi ya 33 mmol/L. Yule kijana hakubishana naye. Aliweka dripu, akapiga simu kuomba gari la wagonjwa, na usiku uleule mtoto alikuwa hospitali kubwa anapewa insulini.

Baadaye tulielezwa kilichotokea. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini isipokuwapo, sukari hubaki kwenye damu bila kuingia kwenye seli, mwili unaanza kuunguza mafuta, na damu inajaa asidi. Mtoto huhema kwa kina kwa sababu mwili unajaribu kuipunguza asidi hiyo kwa njia ya pumzi. Anayesikiliza kuhema tu atadhani ni mapafu, na anayeona kutapika tu atadhani ni malaria. Kiu, mkojo mwingi na kukonda ndivyo vinavyopaswa kumshtua kila mtu. Kwa mwenye dalili hizo, sukari ya 11.1 au zaidi, hata kama amekula, ni kisukari, na kuijua kunahitaji tone moja la damu na muda usiofika dakika.

Tangu hapo kila mgonjwa wetu anapoandikiwa dawa tunauliza: umepima nini, na kipimo kimesema nini?

2. Daftari husikilizwa kuliko malalamiko

Kwa miaka mingi mama alikuwa akimeza glibenklamidi, vidonge ambavyo wagonjwa wengi wanavijua kwa jina la Daonil. Ikafika wakati akawa anaamka alfajiri amelowa jasho, mikono inatetemeka, maneno yake hayashikani. Jirani akashauri tutafute mtu wa kumsomea. Kliniki nako kila akipimwa namba iko juu, na daktari akaongeza dozi.

Namba ya kliniki ilikuwa na sababu yake. Siku ya kliniki mama huondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, hamezi dawa, na akiwa kwenye foleni hunywa chai ya maziwa kwa maandazi. Anapofika mbele ya nesi, sukari imepanda. Daktari alikuwa anaamua kwa namba hiyo peke yake.

Nilinunua daftari la shule, nikalichora safu nne: tarehe, saa, namba, alichokula. Tukawa tunampima saa tisa usiku. Daftari likaandika 3.1, likaandika 2.8, likaandika 3.4, na chini ya 3.9 sukari imeshuka. Siku ya kliniki sikumwambia daktari kwamba amekosea. Nilifungua ukurasa mbele yake nikasema, "Daktari, hizi ndizo namba za usiku. Tunaomba utusaidie kuzielewa." Aliusoma ukurasa wote kwa kidole, mstari kwa mstari, akaagiza figo zipimwe, akabadilisha dawa.

Alitueleza kwamba glibenklamidi hulisukuma kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala, kwamba hufanya kazi kwa saa nyingi, na kwamba figo zikichoka hukaa mwilini zaidi. Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kuwa dawa hiyo haiwafai waliopita miaka 60, na mama alishapita umri huo. Jasho la alfajiri liliisha, na habari ya mtu wa kumsomea ikaisha pamoja nalo.

Hapa niseme kitu ambacho kila nyumba yenye mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya aina hii inapaswa kukijua. Sukari ikishuka, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado iko chini rudia. Kama hajitambui usimnyweshe chochote, mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

3. Namba nzuri nayo iulizwe

Watu wengi huuliza pale majibu yanapokuwa mabaya. Shangazi alitufundisha kuuliza hata yakiwa mazuri. Alifanyiwa upasuaji, akapoteza damu nyingi, akaongezewa. Muda mfupi baadaye akapimwa HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, majibu yakatoka mazuri kuliko wakati wowote. Daktari akampongeza na kutaka kumpunguzia dawa. Lakini mashine ya nyumbani kila asubuhi ilikuwa inasoma 10, 11, 12.

Binti yake aliuliza swali moja tu: "Daktari, kuongezewa damu hakuwezi kubadili majibu haya?" Kunaweza. HbA1c hupima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takriban siku 120. Ukiongezewa damu, sehemu ya chembe zinazopimwa ni za mtu mwingine. Wenye selimundu nao kipimo hiki kinaweza kuwadanganya, kwa sababu chembe zao hufa mapema kabla hazijabeba sukari ya kutosha. Selimundu si ugeni kwetu Afrika Mashariki, kwa hiyo swali hili linazihusu nyumba nyingi. Daktari wa shangazi alikubali, dawa zikabaki palepale, na akaendelea kufuatiliwa kwa vipimo vya kidole.

Ukiona majibu ya maabara hayafanani na unachokiona nyumbani, sema. Mmoja wenu ana habari ambayo mwenzake hana.

4. Kuuliza si kukataa

Mjomba anaishi Pangani. Wazee husema panya huuma huku akipuliza, lakini mguu uliokufa ganzi kwa kisukari hauhitaji hata kupulizwa. Mjomba aliamka asubuhi akakuta damu kwenye shuka na vidole viwili vya mguu vimetafunwa. Hakusikia lolote usiku kucha. Wala si kisa cha peke yake: mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari wa Tanzania walioumwa miguu na panya usingizini.

Kidonda kilioza. Hospitalini tukaambiwa mguu utakatwa juu ya goti, na mjomba aweke saini. Tuliomba dakika chache na daktari wa upasuaji, tukamuuliza: Damu bado inafika mguuni? Uozo umeingia kwenye mfupa, na umefika wapi? Kukata vidole tu na kusafisha hakutoshi? Tunaweza kusubiri kwa saa ngapi bila kuhatarisha maisha yake?

Alirudi kitandani kwa mjomba, akaweka vidole viwili juu ya unyayo kutafuta mapigo ya damu, akayapata. Akaagiza eksirei, akamwita mwenzake mwenye uzoefu wa miguu ya wagonjwa wa kisukari, wakashauriana mbele yetu. Mjomba alikatwa vidole viwili, akapewa antibiotiki kwa dripu, kidonda kikawa kinasafishwa kila siku mpaka kikafunga. Leo anakwenda msikitini kwa miguu yake.

Lakini katika ukoo huohuo tuna jamaa ambaye nduguze walikataa kabisa asikatwe, wakamtoa hospitali kwa saini yao na kumpeleka kwa mtu wa kufukiza. Sumu ya kidonda iliingia kwenye damu, tukamzika wiki ileile. Ndugu zake nao walikuwa na shaka na uamuzi wa daktari, na shaka yao ilikuwa halali. Kilichokosekana ni kuigeuza shaka ile kuwa swali na kusubiri jibu. Na swali la mguu hupimwa kwa saa. Daktari akisema uozo unapanda na hakuna muda, hapo saini ndiyo inayookoa maisha.

Mradi wa Step by Step, ulioanza Tanzania na India mwaka 2003, uliwafundisha madaktari na manesi kuitazama miguu ya wagonjwa hawa kabla haijafika hatua hiyo. Nawe ukiwa kliniki na hakuna aliyekuambia uvue viatu, vua mwenyewe, useme, "Naomba uniangalie miguu."

5. Mwenye dawa ya miti naye aulizwe

Nimeona watu wanaombana daktari kwa maswali magumu, kisha wanamwamini bila kuuliza chochote mtu aliyepanda basi na mkoba wa unga wa mizizi. Haki ya kuuliza haiishii kwenye lango la hospitali.

Mwaka 2011 nchi nzima ilielekeza macho Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Maelfu ya watu, wengine kutoka nchi jirani, walikesha kwenye foleni ya magari wakisubiri kikombe cha shilingi 500, na kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa kuponywa. Wagonjwa walitoka kwenye nyumba kama zetu, wamechoka na vidonge visivyo na mwisho, na uchovu huo ninaujua. Hata hivyo, swali la kuuliza kwa kila anayesema anaponya kisukari ni lilelile tunalomuuliza daktari: sukari ilikuwa ngapi kabla, na ni ngapi miezi mitatu baadaye?

Muuza unga mmoja alimfuata mdogo wangu mpaka nyumbani, akamwambia mtoto aache sindano ili dawa ifanye kazi. Mama alimuuliza swali hilo. Hakuwa na namba hata moja.

Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiachishwa insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Kabla ya Januari 1922, pale mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipochomwa insulini hospitalini Toronto, hakukuwa na dawa ya watoto hawa duniani kote. Wazazi waliwatazama wakikonda mpaka mwisho. Mimi nimemwona mwanetu akihema kama walivyohema wao, kisha nikamwona ameketi anaomba uji. Sitanyamaza mtu akimwambia mzazi atupe sindano.

6. Ushauri usioingia nyumbani kwako, urudishe mezani

Mtoto aliporuhusiwa tuliambiwa insulini ihifadhiwe kwenye friji. Kwa mdogo wangu hakuna friji. Familia nyingi huondoka na ushauri kama huo mdomo umefungwa, kwa aibu. Mdogo wangu aliuliza, na nesi wa kliniki akampa njia: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji, chupa ya insulini ndani ya kopo kavu lenye kifuniko, vyote kivulini. Akaongeza kwamba chupa iliyofunguliwa hukaa takriban wiki nne mahali pasipo na joto kali wala jua, na kwamba insulini iliyoganda kuwa barafu itupwe.

Mama naye aliambiwa aache ugali na wali. Akauliza, "Nile nini, daktari? Vinginevyo ni mihogo na magimbi." Kwa swali hilo akachorewa sahani: nusu mboga za majani, robo wanga wa aina moja, robo samaki au maharage. Mpaka leo anapakua hivyo.

Mazungumzo mazito zaidi yalikuwa ya Ramadhani. Daktari alisema, "Usifunge." Mama akaitikia kwa kichwa, nami nikajua atafunga kimyakimya, na huo ndio mfungo wa hatari kuliko wote. Nikamwomba amweleze daktari ukweli. Alisema, "Mwanangu, mimi saumu yangu siiachi bila kujua kwa nini." Daktari aliweka kalamu chini, akamsikiliza. Wakapanga pamoja: figo zipimwe kwanza, dozi za dawa zibadilishwe kufuata futari na daku, daku iliwe karibu na alfajiri, sukari ipimwe mchana. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, anafungua papo hapo, hata adhana ya magharibi ikiwa imekaribia. Shekhe wetu alimthibitishia kuwa kutoboa kidole hakubatilishi saumu, na kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Alifunga kwa mpango huo. Miaka ilivyosonga na figo zilivyodhoofika, daktari yuleyule akamwambia sasa imetosha, naye akakubali bila ugumu, akawa analisha maskini. Alikubali kwa sababu mtu aliyewahi kumsikiliza ndiye aliyemwambia.

7. Swali lina adabu yake, na lina ngazi zake

Daktari wa hospitali ya umma ana foleni ndefu mlangoni, na pengine hajakaa tangu asubuhi. Mkiingia watatu mkisema kwa pamoja, hamtapata kitu. Sisi tunachagua msemaji mmoja. Maswali yanaandikwa kwenye karatasi nyumbani, la muhimu zaidi likiwa juu, kwa sababu huenda likajibiwa hilo tu. Maneno yanayofungua mlango ni mepesi: "Daktari, naomba kuelewa." "Kuna uwezekano wa ugonjwa mwingine?" "Angekuwa mama yako mzazi, ungefanyaje?" Na jibu likitolewa kwa maneno mazito ya kitabibu, si utovu wa adabu kusema hujaelewa, arudie.

Ukijibiwa kwa ukali au usijibiwe kabisa, ziko ngazi za kupanda. Hospitali ina daktari au mganga mfawidhi, nenda ofisini kwake. Lipo sanduku la maoni. Unaweza kuomba rufaa au maoni ya daktari wa pili, ukichukua nakala za majibu yako yote. Kwa jambo zito la kitaaluma lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo ndilo linalosimamia mwenendo wa madaktari. Katika ngazi zote hizo, dawa za mgonjwa ziendelee. Ugonjwa hausubiri mjadala wetu uishe.

Kwa madaktari na manesi watakaosoma haya: mgonjwa anayeuliza amewaamini. Asiyewaamini haulizi, anaitikia na kwenda kufanya lake. Madaktari wanaoheshimiwa zaidi nyumbani kwetu ni wale waliorudi kushika mguu tena, waliosoma daftari la senti chache, walioweka kalamu chini wakamsikiliza bi kizee.

Na kwa familia zenzetu, yafuatayo ndiyo maswali tunayokwenda nayo kliniki kila mara:

- Ugonjwa huu ni upi, na kipimo gani kimeuthibitisha?
- Dawa hii inafanya kazi gani, na inaufaa umri wake na figo zake?
- Dalili gani zikitokea tuje haraka, hata usiku?
- Macho, figo na miguu vitapimwa lini?
- Kuna njia nyingine, na tukisubiri kuna hatari gani?

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na kwenye kisukari asiyejifunza hulipa kwa macho, kwa figo au kwa mguu. Ulizeni kwa heshima, ulizeni mapema, na msiondoke mpaka mmeelewa.